Kusafiri kwenda Gqeberha kwa triathloni ya kilomita 226: sanduku la baiskeli, maji baridi na muda wa mwisho

MwanaNyali (Mombasa) ameuliza:

Ndugu zangu, salaam aleikum na habari za majukumu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mombasa, mwanamke wa miaka 41, na baada ya misimu mitatu ya mbio fupi nimejisajili kwa mara ya kwanza kwenye triathloni ndefu ya Ironman inayofanyika Gqeberha, Afrika Kusini, mji ambao wengi bado wanauita kwa jina lake la zamani la Port Elizabeth. Safari yenyewe mnaijua: kuogelea kilomita 3.8 baharini, kuendesha baiskeli kilomita 180, kisha kukimbia marathoni nzima ya kilomita 42.2, yote ndani ya saa 17. Imebaki miezi mitatu, ada nimekwisha kulipa, na kwa kuwa Wakenya hatuhitaji viza ya kukaa Afrika Kusini hadi siku 90 kwa mwaka, nilidhani sehemu ngumu imepita. Sasa naona ndiyo kwanza inaanza.

Mazoezi yangu ya kuogelea nayafanya Nyali, ndani ya mwamba, maji yakiwa yamejaa, na mnajua maji ya huku yalivyo: hata alfajiri ni kama uji uliopoa. Mwendo wangu ni dakika 2 na sekunde 25 kwa kila mita 100. Baiskeli naendesha barabara ya Malindi, na kwa safari ndefu wastani wangu ni kilomita 24 hadi 25 kwa saa, barabara ikiwa tambarare na upepo wa kaskazi ukiwa haujachachamaa. Marathoni peke yake nimeimaliza kwa saa 4 na dakika 40.

Nina maswali manne. Je, nibebe baiskeli yangu au nikodi huko? Nifike siku ngapi kabla ya mashindano? Maji ya huko nasikia yanaweza kushuka chini ya nyuzi 18; mtu wa pwani anajiandaaje na baridi ambayo hana mahali pa kuipata? Na la mwisho, ambalo ndilo linaloniamsha usiku: kwa mwendo huu wangu, nitaingia ndani ya muda wa mwisho wa baiskeli?

---

Msafiri wa Kusini (Dar es Salaam) amejibu:

Dada MwanaNyali, nimekwenda Gqeberha mara mbili. Mara ya kwanza niliondolewa barabarani nikiwa nimebakiza kilomita 14 za baiskeli, na mara ya pili nilimaliza. Kwa hiyo nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu hayo mengine yote yanalitegemea.

Chukua karatasi tufanye hesabu pamoja. Muda wa mwisho wa kuogelea kwa kawaida ni saa 2 na dakika 20, na muda wa mwisho wa kumaliza baiskeli ni saa 10 na dakika 30 tangu ulipoanza kuogelea. Kwa mwendo uliouandika, kilomita 3.8 zitakuchukua takriban saa 1 na dakika 32. Weka dakika 12 za kuvua suti ya mpira, kukausha miguu na kuvaa viatu, maana vidole vilivyokufa ganzi havifungi kamba haraka. Unabaki na saa 8 na dakika 46 za baiskeli, sawa na wastani wa kilomita 20.5 kwa saa. Ukienda kwa 24 utatumia saa 7 na nusu, na utakuwa na zaidi ya saa nzima ya akiba. Ukishuka hadi 20, umetolewa.

Mimi nilikwenda nikijiamini, kwa kuwa njia ya Bagamoyo naiendesha kwa 26 bila kutoa jasho jingi. Nilichosahau ni kwamba wastani wa nyumbani ni wa nyumbani. Gqeberha wenyeji wenyewe wanaiita mji wa upepo, nao hawatanii. Njia ya baiskeli ina mizunguko miwili ya kilomita 90, na sehemu yake nzuri kuliko zote, ile inayopita kando ya bahari, ndiyo isiyo na ukuta wala mti wa kukukinga. Mzunguko wa kwanza niliumaliza nikiwa na furaha. Katika mzunguko wa pili upepo ulipanda, nikawa nakanyaga kwa nguvu ileile lakini kipimo cha mwendo kinaonyesha 16, kisha 15, na kwa kuwa nilikasirika nikaongeza nguvu, nikaisha kabisa. Upepo ukikukabili, mwendo unashuka haraka kuliko unavyodhani, na muda uliopoteza kwenda hauurudishi wote kurudi, kwa sababu unakaa muda mrefu zaidi kwenye upande mbaya kuliko kwenye upande mzuri.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: kuanzia wiki hii usikwepe upepo. Toka saa nane mchana kaskazi inapovuma, elekea Malindi ukiwa umeipa uso, na ujifunze kuendesha kwa nguvu ya kipimo kimoja bila kutazama mwendo. Panga saa 8 za baiskeli. Ukimaliza kwa saa 7 na nusu, hiyo ni zawadi.

Kuhusu kufika, mashindano kwa kawaida huwa Jumapili, nami ningefika Jumanne, au Jumatano asubuhi kwa kuchelewa kabisa. Sababu si uchovu wa ndege, kwani kutoka Nairobi hadi Johannesburg ni kama saa 4 tu, na tofauti ya saa ni moja. Tofauti hiyo hata inatusaidia, kwa kuwa saa kumi alfajiri ya kwao mwili wako unadhani ni saa kumi na moja. Sababu ya kwanza ni mizigo. Johannesburg lazima uchukue mizigo yako yote, upite forodha, kisha uikabidhi upya kwa ndege ya ndani, hata kama tiketi yako ni moja. Baiskeli haitoki kwenye mkanda pamoja na masanduku mengine. Hutolewa kwenye dirisha la mizigo mikubwa, na unaweza kusimama hapo dakika 40. Acha angalau saa 3 kati ya ndege mbili. Zaidi ya hayo, baadhi ya ndege zinazokwenda Gqeberha ni ndogo, na wakati wa mashindano kila abiria wa pili ana sanduku la baiskeli. La kwangu liliachwa likaja kesho yake. Ukifika Jumanne, kesho yake ni Jumatano, unacheka. Ukifika Ijumaa jioni, kesho yake ndiyo siku ya kukabidhi baiskeli kwenye eneo la kubadilishia, na huchekeki.

Sababu ya pili ni bahari, na hapa ndipo watu wengi wa pwani tunapokosea. Tunafikiri baridi ni jambo la kuvumilia tu. Dakika mbili au tatu za kwanza kwenye maji baridi kifua kinabana, pumzi zinakuja fupi fupi bila ruhusa yako, na mtu asiyezoea anadhani anazama ilhali anaelea. Hali hiyo mwili unaizoea upesi mno: ukiingia kwenye maji baridi mara tano au sita kwa dakika chache tu, mshtuko unapungua sana. Kwa hiyo Jumatano, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi nenda Hobie Beach asubuhi, mahali penyewe mtakapoanzia, uingie dakika 15, uweke uso majini, utoe pumzi polepole, utoke. Huna haja ya kuogelea umbali mrefu. Kabla ya safari, kama una ndugu Nairobi, Limuru au Nakuru, nenda wikendi mbili kwenye bwawa lisilopashwa moto kabla jua halijalifikia.

Jambo moja ambalo sikuambiwa na mtu: upepo wa mashariki ukivuma siku kadhaa mfululizo kwenye ufuko ule, husukuma maji ya juu kwenda bahari kuu, na maji baridi ya kina kirefu hupanda kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo joto la bahari linaweza kuanguka nyuzi kadhaa ndani ya siku mbili, huku jua likiwaka na watu wakila aiskrimu ufukweni. Usiamini kipimo ulichosoma wiki iliyopita. Kwa kanuni za Ironman, suti ya mpira inaruhusiwa maji yakiwa hadi nyuzi 24.5, na ni lazima yakishuka chini ya 16, na unene wake usizidi milimita 5. Itafute mapema na uivae Nyali japo dakika kumi. Utaiva kama muhogo, lakini utajua inapokukwaruza shingoni.

(Na jina la mji lina sauti ya kugonga ulimi kwenye kaakaa pale penye Q, kama wasemavyo Wakhosa. Mimi nilikaa siku sita nikijaribu, na mhudumu wa hoteli akaniomba kwa upole niseme tu «PE».)

---

Fundi Spoki (Arusha) amejibu:

Nimesoma hesabu za Msafiri na sina la kuongeza hapo. Mimi ni fundi wa baiskeli, nazungumzia chuma.

Beba ya kwako. Baiskeli ya kukodi inafaa kwa mtalii anayetaka kuzunguka ufukoni, lakini mtu atakayekaa juu ya kiti kwa saa 8 anahitaji kiti kilekile, urefu uleule na usukani uleule ambao mgongo wake umekwisha kuuzoea. Tofauti ya sentimita moja kwenye urefu wa kiti huihisi kilomita ya 10. Kilomita ya 140 goti linakwambia. Kama ni lazima ukodi, basi beba kiti chako na pedeli zako, na uandike vipimo vyote kwenye karatasi.

Sanduku gumu linalinda vizuri, lakini lenyewe tupu lina uzito wa kilo 10 au zaidi, na mashirika mengi ya ndege yanahesabu kilo 23 kwa kila mzigo. Mfuko laini wenye sponji ni mwepesi, ila unategemea huruma ya wapakiaji. Wateja wangu wengi huishia kwenye sanduku la kadibodi ambalo baiskeli mpya huja nalo dukani: ni jepesi, halina gharama, na likifika limechanika unaomba jingine kwenye duka la baiskeli la huko kabla ya kurudi. Lolote utakaloamua, liandikie shirika la ndege mapema, utaje vipimo na uzito, upate jibu la maandishi, na jibu hilo ulichape. Mtu wa kaunta hatakumbuka ulichoambiwa kwa simu.

Unapofungasha, anza kwa kuzungushia utepe kwenye nguzo ya kiti pale inapoingia kwenye fremu, ili ukifika usianze kukisia urefu. Toa pedeli, ukikumbuka kwamba ya kushoto hufunguka kinyume na ya kulia. Kifaa cha kubadilisha gia cha nyuma kifungue kabisa kwenye fremu, ukizungushie kitambaa, na ukifunge kwa ndani ya fremu. Hiki ndicho kinachopinda mara nyingi kuliko vyote. Pia nunua mapema kile kipande kidogo cha alumini kinachokishikilia, cha aina ya baiskeli yako hasa, kwa sababu vipo vya maumbo mamia na duka la ugenini linaweza kukosa cha kwako. Kama breki zako ni za diski, chomeka kipande cha plastiki kati ya vitambaa vya breki baada ya kutoa gurudumu. Mtu akiubana mkono wa breki bila diski ndani, vitambaa vinakutana na havitaki kuachana, na utakutana na kazi hiyo usiku hotelini. Punguza upepo wa matairi bila kuumaliza.

Chupa ndogo za gesi za kujazia upepo usizibebe. Kanuni za usafiri wa anga zinaziruhusu kwa masharti na kwa idhini ya shirika, lakini kwenye ukaguzi wa mizigo kila mtu ana tafsiri yake. Utazinunua kwenye maonyesho ya mashindano. Betri za ziada na chaja za kubebeka lazima ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mzigo wa chini. Na katika mkoba huohuo weka viatu vya baiskeli, pedeli, helmeti, miwani ya kuogelea na nguo ya mashindano. Baiskeli ikipotea unaweza kuazima baiskeli. Miguu yako haitaazima viatu.

Jambo la mwisho ni gurudumu la mbele. Naona watu wakifunga ringi zenye kina kirefu kwa sababu wamewaona mabingwa nazo. Upepo wa pembeni wa ufuko ule utalikamata gurudumu hilo kama tanga la ngalawa, na mtu mwenye uzito mdogo atamaliza saa 8 akishikilia usukani badala ya kukanyaga. Mbele weka ringi fupi ya kawaida. Nyuma fanya upendavyo.

---

Nesi wa Kisumu amejibu:

Dada, hongera kwa ujasiri. Wenzangu wamegusa baiskeli na bahari. Nami niseme machache kuhusu mwili, hasa mwili unaotoka kwetu kwenda kule.

Wewe unatoka Kenya, kwa hiyo Afrika Kusini itakudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, na ukishachomwa cheti kinatambuliwa maisha yako yote, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka 10. Usisubiri wiki ya mwisho, maana baadhi ya watu hupata homa kidogo na kuumwa misuli baada ya sindano hiyo, na hutaki hayo yaingiliane na mazoezi makubwa.

La pili ni malaria, na hili sijaliona likiandikwa kwenye miongozo ya wanamichezo. Gqeberha si eneo la malaria, lakini wewe unaishi Mombasa, na unaweza kuondoka nyumbani ukiwa umekwisha kuambukizwa bila kujua, dalili zikaanza ukiwa huko. Ukipata homa, baridi au kichwa kizito siku za kabla ya mashindano, usiseme ni woga wala uchovu wa safari. Nenda kapimwe, na umwambie daktari kwa maneno yako mwenyewe kwamba umetoka eneo lenye malaria, kwa sababu daktari wa mji usio na ugonjwa huo anaweza kufikiria mafua kwanza. Na mwenye homa asishindane, hata kama amelipa ada. Moyo hauelewi habari za ada.

La tatu ni maji ya kunywa. Sisi wa nchi za joto tumefundishwa kunywa, kunywa, kunywa. Katika mbio za saa 14 au 15 kwenye hali ya ubaridi, mtu anayekwenda polepole na kunywa maji matupu katika kila kituo anaweza kuipunguza chumvi ya damu hadi ubongo ukavimba. Dalili zake ni kichefuchefu, kichwa kuuma, vidole kuvimba hata pete ikabana, na kuchanganyikiwa. Na watu wakikuona hivyo watakuongezea maji, ndiyo hatari yenyewe. Kunywa kwa kiu, na uchanganye na kinywaji chenye chumvi. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni usizimeze wakati wa mashindano, kwani zinaongeza hatari hiyohiyo na zinaumiza figo ambazo tayari zimeelemewa.

Chakula: wanamichezo wa mbio hizi hulenga gramu 60 hadi 90 za wanga kwa saa, na tumbo lazima lizoeshwe kiwango hicho kama unavyozoesha miguu. Ndizi moja ya wastani ina kama gramu 25 tu, kwa hiyo utaona kwamba ndizi peke yake hazitakufikisha. Jaribu jeli au vinywaji utakavyotumia katika kila safari ndefu ya baiskeli kuanzia sasa. Usibebe matunda mabichi wala asali kutoka nyumbani, kwa sababu forodha ya Afrika Kusini ina masharti makali juu ya vitu hivyo, na jeli zikiwa kwenye mkoba wa mkononi zinahesabiwa kama vimiminika, kwa hiyo zitie kwenye mzigo wa chini.

---

Ziwa Kivu (Rubavu) amejibu:

Niwasalimu wote kutoka Rwanda. Naomba radhi, maana nitakwenda kinyume kidogo na waliotangulia.

Dada anatoka kwenye mbio fupi moja kwa moja hadi kilomita 226, katika nchi ya mbali, bahari ya baridi na upepo asioujua. Mambo yote mapya kwa siku moja. Kwa nini asianze na nusu yake hapa kwetu? Tangu Agosti 2022 mashindano ya Ironman 70.3 yamekuwa yakifanyika Rubavu, kwenye ufuko wa Ziwa Kivu, karibu kabisa na mpaka wa Goma: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90, kukimbia 21.1. Raia wa Kenya au Tanzania hahitaji viza, sanduku la baiskeli linaweza kuja kwa ndege hadi Kigali kisha kwa gari, na maji ya ziwa hayabani kifua cha mtu. Ugumu wake ni wa aina nyingine. Ziwa liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa Mombasa ataisikia hewa nyembamba kwenye kilima cha kwanza. Na vilima tunavyo, kama jina la nchi yetu linavyojulikana. Lakini ukikwama, umekwama nusu ya umbali, na nyumbani si mbali.

Ningekuwa mimi, ningewaandikia waandaaji kuuliza kama usajili unaweza kuahirishwa hadi mwaka unaofuata.

---

Msafiri wa Kusini amejibu:

Ndugu Ziwa Kivu, kwa mtu ambaye hajajisajili ningekuunga mkono bila kusita, na nimekimbia Rubavu mwenyewe. Watu wanaojipanga barabarani kule sijawaona kwingine. Ila kwa dada huyu sikubaliani. Marathoni yake ya saa 4 na dakika 40 inaonyesha miguu ipo, na kuogelea kwake kuna akiba ya dakika 48 kabla ya muda wa mwisho. Kinachokosekana ni upepo na baridi, na hivyo viwili Rubavu haitamfundisha.

Tena akifika kwenye kukimbia dakika ya mwisho kabisa ya saa 10 na nusu, bado ana saa 6 na nusu za marathoni. Kwa mwendo huo anaweza hata kutembea sehemu kubwa. Akumbuke tu kwamba msimu ule jua huzama huko karibu saa kumi na mbili jioni, na upepo wa usiku kwenye jasho ni kisu. Kwenye mfuko wa vitu vya kukimbilia aweke shati la mikono mirefu.

---

MwanaNyali amejibu:

Nimesoma kila neno, mengine mara mbili, na nawashukuru sana. Ndugu Ziwa Kivu, umeniandikia kama kaka, na Rubavu nimeiweka kwenye mipango ya Agosti, baada ya Gqeberha. Kuahirisha siwezi. Wanafunzi wangu wamekwisha kuichora ramani ya safari ukutani darasani, na wamenihesabia siku.

Nimeamua hivi. Baiskeli naibeba, kwa kadibodi, na barua pepe kwa shirika la ndege nimeituma leo asubuhi nikiomba jibu la maandishi. Tiketi nimeibadilisha nifike Jumanne. Shule imeniruhusu, ingawa naibu mwalimu mkuu aliniuliza kama ninahama. Wikendi mbili za mwezi ujao nitakwenda kwa dada yangu Limuru kuoga bwawa la alfajiri, na amenicheka hadi simu ikakatika. Jana nilitoka saa nane mchana kama ulivyosema, Msafiri, nikaipa kaskazi uso kutoka Mtwapa hadi Kilifi. Wastani wangu ulikuwa 19. Nilirudi nimenyamaza, kwa sababu kwa hesabu yako ningekuwa nimetolewa, lakini ni afadhali nimelijua hilo Kilifi kuliko kulijulia ugenini.

Cheti cha homa ya manjano ninacho tangu 2014, na kimeandikwa kinaisha 2024. Nesi, nikikionyesha hivyo kilivyo, hawatanirudisha? Na Fundi, kile kipande cha alumini nimekitafuta Mombasa nzima bila mafanikio. Baiskeli yangu niliinunua mkononi kwa mtu na sina karatasi zake.

---

Nesi wa Kisumu amejibu:

Hawatakiwi kukurudisha, kwani kanuni ya kimataifa ilibadilishwa Julai 2016 na inahusu pia kadi za zamani. Lakini mtu wa kaunta Nairobi anaweza asiijue, nawe hutaki kufanya semina saa tisa usiku. Ipeleke kadi kwenye kituo cha chanjo cha bandarini au cha uwanja wa ndege, uombe wakuandikie mpya kwa tarehe ileile ya chanjo. Huhitaji kuchomwa tena.

---

Fundi Spoki amejibu:

Kifungue cha sasa, kioshe kwa mafuta ya taa, ukiweke juu ya karatasi nyeupe pamoja na rula, ukipige picha pande zote mbili na kwa ubavu, matundu ya skrubu yaonekane vizuri. Nitumie hapa hapa. Maumbo ni mengi lakini mafundi tunayasoma kama nyuso. Nikikipata Arusha au Nairobi nitakipa basi la Mombasa, nawe uagize viwili, kimoja kikae kwenye baiskeli na kingine kwenye soksi ndani ya mkoba wa mkononi.

Na usikifungue leo kama kesho una mazoezi. Subiri siku ya kupumzika.